Hela za "lipa kulingana na matokeo" shuleni: matokeo analeta mwalimu, mgao unaishia juu. Tujadili

Mwl_Chaki

Wakuu habari za jioni, huu uzi nilitaka kuuweka siku nyingi ila kila nikikaa naangukia kwenye madaftari ya kusahihisha, leo nimeamua potelea mbali. Ni mrefu, mwenye haraka aruke tu hakuna kulaumiana.

Ukipita shule nyingi za msingi za serikali saivi utakuta darasa au matundu ya vyoo ambayo watu wanakwambia "haya ya EP4R" au "haya ya BOOST", majina ya programu za elimu za serikali zinazolipiwa na wafadhili. Wengi wanachukulia ni msaada kama misaada mingine. Sio. EP4R kwa Kiswahili cha ofisini ndo Lipa Kulingana na Matokeo, ilianza 2014, Benki ya Dunia ikaweka dola milioni 122, Sweden na Uingereza nao wakaingia. Mtindo wake mfadhili halipi kwanza halafu ndo aangalie mmefanya nini, mnakubaliana vigezo mapema, kwa mfano walimu wagawanywe vizuri ndani ya halmashauri isiwe shule ya mjini walimu wamejazana ofisini na ya kule ndani ina wawili, ruzuku ifike shuleni kwa wakati, takwimu za shule ziwekwe wazi, watoto wa madarasa ya chini wapimwe KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). Kigezo kikitimia na mkaguzi akithibitisha hela inatoka, kisipotimia hela inabaki kwa mwenyewe. BOOST iliyopitishwa mwishoni mwa 2021, dola milioni 500, nayo imefuata njia hiyohiyo.

Sasa mimi sina ugomvi na wazo lenyewe, nani anapenda kulipia kitu ambacho hakijafanyika? Tumeona miradi ya zamani, magari yamenunuliwa, semina zimefanyika hotelini, posho zimeliwa, ripoti ina kava zuri, mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma sentensi. Kwa hiyo aliyesema "nionyeshe kwanza" hajakosea.

Tatizo langu liko hapa. Fuateni huo mnyororo mpaka chini. Mfadhili anailipa serikali kuu. Serikali kuu inaipa halmashauri mgao. Halmashauri inaipa shule darasa (ambalo tunalihitaji, sikatai). Halafu mnyororo unakatika. Yule anayesimama mbele ya watoto mia na kitu wa darasa la kwanza akiwaimbisha ba be bi bo bu, ambaye ndo matokeo yenyewe yanatoka kwenye koo lake, yeye fungu lake ni kikao cha kuulizwa kwa nini asilimia zimeshuka.

Na hili sio la kubahatisha, limeshajaribiwa hapahapa Tanzania na majibu yapo. Shirika la Twaweza walikuja na jaribio linaitwa KiuFunza, 2013 na 2014, shule 350 kwenye wilaya 10, watafiti kina Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan na wenzao wakazigawa kwa kura. Kundi la kwanza shule ilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, inaingia moja kwa moja akaunti ya shule, hakuna mtu katikati. Kundi la pili shule haikupewa kitu ila walimu wa darasa la kwanza mpaka la tatu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la Kiswahili, 5,000 Hisabati, 5,000 Kiingereza, na mwalimu mkuu 1,000 juu yake. Kundi la tatu vyote viwili kwa pamoja. Kundi la nne halikupewa chochote, la kulinganishia.

Matokeo sasa. Ruzuku peke yake: sifuri. Vitabu vilinunuliwa, vifaa vikaja, wazazi wakapunguza kununua vitu maana shule ina hela, na mtoto hakujua zaidi ya jirani yake ambaye shule yake haikupata hata mia. Motisha peke yake: kidogo, ya kusuasua, ukiangalia jaribio hili unaona kitu ukiangalia lile huoni. Vyote viwili pamoja: watoto walijifunza, inaonekana wazi, na ni zaidi ya ukijumlisha kundi la kwanza na la pili. Utafiti ukachapishwa 2019 kwenye jarida kubwa la uchumi duniani. Yaani vitabu bila mwalimu mwenye hamu vinakaa kabatini, na mwalimu mwenye hamu bila vitabu anapiga kelele tu.

Sisi nchi nzima tumechagua nini? Kundi la kwanza, tukaongeza tofali.

Karibuni, najua hapa kuna walimu, maafisa elimu, watu wa Hazina na wazazi. Matusi tuyaache kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Kisiki_cha_Mpingo

Mwalimu ungesema tu unataka hela, umezunguka mpaka Benki ya Dunia 😂

Mshahara unapokea wa nini? Daktari halipwi kwa kila anayepona, polisi halipwi kwa kila mwizi. Mkianza kulipwa kwa kila mtoto anayejua kusoma maana yake mshahara ni wa kuja kusaini daftari la mahudhurio.

Mwl_Chaki

Kisiki umenichekesha, na kweli nataka hela, sijawahi kuona mtu hataki. Lakini soma vizuri mkuu, tayari hela inalipwa kwa matokeo, hilo lilishaamuliwa na wakubwa tangu 2014. Mimi nauliza anayelipwa ndiye anayezalisha? Kama hamtaki kulipa kwa matokeo basi futeni kote, kuanzia juu.

Hesabu_za_Hazina

Nimefanya kazi karibu na hizi programu, niweke mambo mawili ambayo mtoa mada ameyapita haraka.

La kwanza, kigezo kinachofikiwa ni kile ambacho aliyepewa anaweza kukifikia. Ukimwambia mkurugenzi wa halmashauri "ongeza watoto wanaojua kusoma" hana kitasa cha kushika, kusoma kunatokea ndani ya darasa ambalo yeye hayupo. Ukimwambia "hamisha walimu kutoka shule iliyojaa kwenda yenye upungufu" hapo anaweza kusaini barua. Ndo maana vigezo vingi vya EP4R vilikuwa vya aina hiyo, usambazaji wa walimu, takwimu, ruzuku kufika. Mtu anaweza kusema hayo sio matokeo, ni shughuli. Ni kweli, lakini ukilipa kwa matokeo halisi tu, yule aliye mbali nayo atakaa asubiri bahati.

La pili na ndo kubwa, hela ya mtindo huu inakuja NYUMA. Maana yake kwanza utumie ya kwako. Kuhamisha mwalimu kuna posho ya uhamisho, kuna mizigo, na madai ya walimu ya uhamisho kila mtu humu anayajua yalivyo. Halmashauri yenye mapato ya ndani mazuri inahamisha, inafikia kigezo, inapata mgao. Halmashauri ambayo ukusanyaji wake ni ushuru wa mnada wa Jumamosi inashindwa kuhamisha, inakosa, mwaka ujao iko palepale. Mwenye nacho anaongezewa.

India walijaribu kulitatua hilo kwa njia nyingine, Rajasthan, 2015 mpaka 2018. Shirika la Educate Girls linalosaidia wasichana kurudi shule lilipewa mtaji wa kuanzia na mfuko wa UBS Optimus, huyo ndo akabeba hatari, halafu mfuko mwingine wa Uingereza, CIFF, ukaahidi kumlipa UBS Optimus matokeo yakipatikana. Mpimaji alikuwa wa pembeni kabisa. Lengo la kujifunza lilivukwa, likafika asilimia 160, la kuandikisha wasichana asilimia 116. Ila angalieni, mwaka wa kwanza na wa pili walikuwa nyuma ya lengo la kujifunza, mwaka wa tatu ndo wakapaa, sababu walikuwa na uhuru wa kubadilisha mbinu, watoto wasiokuja shule wakafuatwa mpaka nyumbani, bila kuandika barua ya kuomba kuhamisha kifungu cha bajeti. Huo uhuru kwetu nani anao? Mwalimu mkuu akitaka kununua chaki kwa hela ya ukarabati anaweza kuitwa mezani kwa mkaguzi.

Bint_Ujiji

Samahani naingilia kama mzazi tu sio mtaalamu.

Hayo matokeo yenu mnayoyalipia sisi huku chini tunayajua kwa jina lingine. Mwanangu alivyofika darasa la sita niliitwa nikaambiwa mtoto "hajakomaa", nikashauriwa arudie au nimtafutie shule nyingine, kwa upole kabisa, mpaka chai nilipewa. Nikauliza kwani kafeli nini, mwalimu hakujibu moja kwa moja akasema "mama unajua shule yetu inashika nafasi nzuri". Nikaelewa. Hawakuwa wanamfukuza mtoto, walikuwa wanasafisha wastani. Sitaji shule, nilimhamisha, yuko sekondari saivi anaendelea vizuri.

Kwa hiyo mkisema hela zifuate ufaulu, mie nauliza wale watoto wa mwisho darasani mtawapeleka wapi?

Mwl_Chaki

Dada Bint asante sana, na hilo ulilopitia limeandikwa kwenye utafiti. Wakuu mnaikumbuka Matokeo Makubwa Sasa? Wakati wa JK (Rais Kikwete), 2013, tulitoka kwenye aibu ya kidato cha nne 2012 ambapo asilimia kama 60 walipata daraja sifuri, darasa la saba nao ufaulu ulikuwa kama asilimia 31. Serikali ikaenda Malaysia ikaja na ule mfumo, elimu ikawa moja ya sekta sita, na shule zote nchi nzima zikaanza kupangwa nafasi na kupakwa rangi, kijani, njano, nyekundu. Hakukuwa hata na hela nyingi nyuma yake kwa shule, ilikuwa aibu tu, kikao cha wilaya unasomwa jina lako mbele ya wenzako.

Mbiti huyohuyo na wenzake Cilliers na Zeitlin wakaja kuchambua. Wakakuta shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza ufaulu kweli, presha ilifanya kazi. Halafu wakakuta kitu cha pili, watoto wa darasa la saba walipungua kwenye shule hizohizo. Yaani sehemu ya njia ya kutoka kwenye nyekundu ilikuwa kupunguza wa kufelisha. Kwa hiyo dada ulipewa chai ya kigezo.

Hapo kosa sio kulipa au kupanga kwa matokeo, kosa ni kupima kwa asilimia. Asilimia ina namba ya juu na ya chini, ukishindwa kuongeza ya juu unapunguza ya chini. KiuFunza walilipa kwa kichwa, kila anayefaulu 5,000, mtoto dhaifu akiwepo hakupunguzii kitu.

Msee_wa_Busia

Salamu kutoka upande wa pili wa border, Kenya. Hii maneno ya kulipa waalimu kwa matokeo ilianza kwetu kitambo, nyinyi mmekuja juzi 😄

Busia na Teso, 1998 na 1999, shirika moja la Waholanzi, ICS, lilichukua shule mia moja, hamsini waalimu wakaahidiwa zawadi kama shule itafanya vizuri ama itaimprove kwa mtihani wa wilaya. Zawadi kubwa ilifika kama asilimia 43 ya mshahara wa mwezi, si mchezo. Kina mchumi Michael Kremer ndio walifuatilia, huyo aliyekuja kupata Nobel 2019.

Na ile shida ya mama Bint walikuwa wameifikiria, mtoto ambaye hakukaa mtihani alihesabiwa kama amepata alama ya chini kabisa, kwa hivyo hakuna headteacher angemficha mtoto nyumbani. Na kweli watoto waliofanya mtihani waliongezeka.

Lakini sikizeni mwisho wake. Marks zilipanda. Waalimu hawakuacha kukosa kazi, absenteeism ilibaki palepale. Homework haikuongezeka, kufundisha hakukubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuandaa watoto kwa mtihani, zile preps za asubuhi na jioni. Na programu ilipoisha, marks zikarudi zilikotoka. Watoto walifundishwa kufanya mtihani, hawakufundishwa somo. Nikisoma hiyo nilicheka kwa uchungu kwa sababu mimi ni product ya hizo preps, past papers nilikuwa najua majibu kabla ya swali kuisha, na sasa niulize maana yake.

Kwa hivyo Mwl_Chaki usituuzie KiuFunza kama dawa. Ni mtihani gani walitumia? Nani alisahihisha? Na walipima tena baadaye kwa mtihani mwingine?

Mzee_Kalamu

Vijana mnazungumza kama jambo hili ni geni. Mimi nimestaafu ualimu na baadaye ukaguzi, niwaambie kitu. Waingereza wenyewe walilifanya 1862. Waziri wao aliitwa Robert Lowe. Shule ilikuwa inapata ruzuku kwa kila mtoto kwa mahudhurio na kwa kufaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi aliyekuja na orodha yake. KKK, tena zaidi ya miaka mia na hamsini nyuma hizo. Matthew Arnold, mshairi, naye alikuwa mkaguzi wa shule, akalalamika kwenye ripoti zake kwamba watoto wanakariri kitabu chote cha kusomea wakapita bila kujua kusoma kingine. Walikaa nalo zaidi ya miaka thelathini, wakaja kuliondoa hatua kwa hatua miaka ya 1890. Masomo ambayo hayakuwa na malipo yalidorora, kwa nini mwalimu apoteze muda na jiografia ambayo hailipi?

Na hapa kwetu msisahau 2018. Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule ZOTE za halmashauri ya Chemba kule Dodoma, na shule nyingine mikoa mingine, kwa udanganyifu. Watoto wakarudia mtihani. Halmashauri nzima! Hapo hakukuwa na 5,000 ya mtu, ilikuwa ni nafasi tu na sifa. Wekeni hela juu yake muone.

Kisiki_cha_Mpingo

Mzee Kalamu shikamoo. Umefunga uzi, mods mfungeni huyu mwalimu 😂

Ila nauliza kwa umakini sasa, maana mwanzo nilikuwa natania. Mnasema kupima ndo tatizo. Kwani NECTA, hilo Baraza la Mitihani, si ndo wapimaji? Januari 2023 waliacha hata kutangaza shule kumi bora. Kama hata wao wameona kupanga nafasi kunaharibu, hela itafuata nini?

Mwl_Chaki

Mzee Kalamu, kama Kisiki, na mimi shikamoo. Nijibu kwa pamoja, Busia na Chemba na Kisiki.

Kwanza mtihani. KiuFunza hawakutumia mtihani wa NECTA hata kidogo. Hawakugusa darasa la saba. Walipima darasa la kwanza mpaka la tatu, mtoto mmoja mmoja, watu wa nje wanakuja shuleni na karatasi zao, mtoto anasoma mbele ya mtu. Chemba ilikuwa karatasi ya kuchagua herufi, unasafirisha jibu kwa kidole tu. Mtoto wa darasa la pili anayesoma hadithi kwa sauti mbele ya mgeni utamwibia vipi? Labda ukae kwenye koo lake.

Pili, msee wa Busia swali lako la mtihani mwingine ni zuri kuliko yote humu. Ndiyo, walipima mara mbili. Kulikuwa na jaribio la malipo, na kulikuwa na jaribio lingine tofauti la utafiti ambalo halina hela. Kundi la vyote viwili lilionekana limepanda hata kwenye lile lisilo na hela, na ndo maana mimi naliamini. Kundi la motisha peke yake kwenye lile lisilo na hela ndo likawa halieleweki. Ukitaka kujua kama mtoto kajifunza au kafundishwa mtihani, njia ni hiyo, na kwenye hizi hela kubwa za wafadhili hilo jaribio la pili liwe lazima.

Tatu, KKK ina kitu ambacho somo la mtihani wa mwisho halina, mtoto akifundishwa kusoma "kwa ajili ya jaribio" bado amejua kusoma. Hakuna njia ya kukariri hadithi ambayo hujawahi kuiona. Waingereza wa Mzee Kalamu walipimia kwenye kitabu walichonacho darasani, hapo ndo walipoachia mlango wazi.

Hesabu_za_Hazina

Hapo kwenye mtoto mmoja mmoja ndo hela ilipo. Kumpeleka mpimaji kila shule ya msingi ya nchi nzima, shule elfu kumi na saba na zaidi, kila mwaka, mtoto mmoja mmoja, hiyo gharama umeipiga? Kwenye EP4R KKK ilipimwa kwa sampuli, shule kadhaa zinawakilisha nchi. Sampuli inatosha kumlipa Waziri wa Fedha, haitoshi kumlipa mwalimu.

Kigali_Kimya

Wadau niko Kigali, mke wangu ni mwalimu wa primary huku, niongeze la huku maana Rwanda wamejaribu kwa namna mbili na zimetoka tofauti.

Ya kwanza Uingereza ilikuwa inailipa serikali ya Rwanda kwa kila mwanafunzi wa ziada anayemaliza P6 (la sita), S3 na S6 (sekondari mwaka wa tatu na wa sita) kuzidi mwaka uliopita. Ni lile wazo la kina Nancy Birdsall la 2010, mfadhili asiulize umefanyaje, alipe tu kwa mtoto aliyefika mwisho. Watathmini walivyokuja hawakuona mabadiliko yanayoeleweka kwamba yametokana na hiyo hela. Na ukiwaza ni kawaida, mke wangu kule shuleni hajui hata kama London imelipa. Serikali ilikuwa inataka watoto wamalize hata bila hiyo hela.

Ya pili ilikuwa kwa mwalimu mwenyewe, 2016 na 2017. Walimu wa juu asilimia 20 katika wilaya walipata faranga 100,000, kama asilimia 15 ya mshahara wa mwaka. Na hawakupima mtihani tu. Walipima vitu vinne: anakuja kazini? ana andalio la somo? anafundishaje akiangaliwa darasani? na watoto wamejifunza kiasi gani kutoka walipoanzia. Mwaka wa pili watoto walionekana wamepanda kweli. Na watu waliokuwa wanaogopa kwamba ukitangaza kazi yenye malipo ya aina hii utavutia wapenda hela wasiojua kufundisha, haikuonekana hivyo, waliokuja hawakuwa wabaya kuliko wengine.

Busia mwalimu angeweza kukosa kazi akapata zawadi. Huku kukosa kunahesabiwa. Mkitaka mwalimu aje, lipieni kuja pia.

Mwl_Chaki

Kigali umenimalizia kazi kaka. Hapo ndo hoja yangu ilipo, hela ileile ya matokeo ikiishia serikalini haijabadilisha kitu, ikifika kwa mwenye darasa inabadilisha.

Hesabu nakujibu kuhusu gharama. Sijasema nchi nzima kila mwaka. Ila hebu linganisha na darasa moja tu la kujenga. Tunajenga kwa mamilioni bila kuuliza, ikifika kumpima mtoto kama anajua kusoma ndo tunakumbuka bajeti? Na sisemi tuache kujenga, mimi mwenyewe nimefundisha chini ya mwembe. Nasema sehemu ya mgao wa halmashauri inayofikia vigezo ishuke mpaka darasani, ianze na wilaya chache zilizo mkiani, sio zile zenye mapato.

Mwalimu pia lazima aelewe analipwaje. Awamu ya pili ya KiuFunza, 2015 na 2016, walilinganisha mifumo miwili. Mmoja wa kitaalamu sana, mtoto analinganishwa na watoto wengine waliokuwa kiwango kimoja naye mwanzoni mwa mwaka, kwenye karatasi ya wachumi ndo wa haki kuliko yote. Mwingine wa kawaida, ngazi: anajua herufi, anajua maneno, anasoma sentensi, anasoma aya, kila ngazi ina fungu lake, ngazi wanayofika wachache inalipa zaidi kwa kichwa. Wa kawaida ulifanya vizuri angalau sawa na ule wa kitaalamu, sehemu nyingine zaidi. Mwalimu akiona ngazi anajua kesho asubuhi afanye nini na yupi. Akiambiwa "asilimia ya nafasi ya mwanafunzi ndani ya kundi lake" anaitikia ndiyo anarudi kufundisha kama jana.

Na dada Bint, hizo ngazi ndo jibu la mtoto wa mwisho. Ukiweka mstari mmoja wa kufaulu mwalimu atawapigania wale wanaokaribia mstari, aliye chini kabisa ataachwa. Ukiweka ngazi, mtoto asiyejua herufi naye ana thamani kwenye mfuko wa mwalimu.

Bint_Ujiji

Nimekuelewa mwalimu wangu, ingawa bado linaniuma kusikia mtoto ana thamani kwenye mfuko wa mtu. Sawa, heri hivyo kuliko kupewa chai.

Ila vipi walimu wenzako wa darasa la tano, la sita? Mwalimu wa michezo? Mwalimu wa awali, ambaye ndo anamshika mtoto hata kalamu? Mkianza kuwalipa wa la kwanza mpaka la tatu peke yao staff mtasalimiana kweli?

Msee_wa_Busia

Hapo mama ameuliza. Kwetu TSC, tume ya kuajiri waalimu, ilileta ile appraisal ya TPAD, ya kupima utendaji wa mwalimu, hakuna hata shilingi ndani yake, na bado staffroom ilikuwa vita. Sasa weka pesa.

Kisiki_cha_Mpingo

Mwalimu wa michezo alipwe kwa magoli 😂😂

Mwl_Chaki

Magoli atalipwa na TFF.

Dada Bint hilo tulilibishania ofisini kwetu, na mwalimu mmoja wa la sita, jembe kweli kweli wa hesabu, akasema waziwazi "ikija hiyo hela mimi naomba kuhamishiwa la pili kesho yake". Wenzangu wakamzomea, mimi nikanyamaza nikafikiria. Nyie mnajua madarasa ya chini yanagawiwaje. Mwalimu mkuu akipanga ratiba, anayejua hesabu na Kiingereza anapelekwa la saba, huko ndo kuna kambi za mtihani, huko ndo afisa elimu anauliza. La kwanza na la pili anapelekwa anayekaribia kustaafu, anayeumwa umwa, anayejitolea, aliyegombana na uongozi. Watoto mia na kitu, kwa mtu ambaye shule imeona hana pa kumweka. Halafu miaka minne mitano baadaye jembe wa hesabu anapokea la saba watoto wasiojua kusoma swali, ndo kambi zinaanza.

Kwa hiyo akitaka kuhamia la pili kwa sababu ya 5,000 ya mtoto, aje. Nitamwachia na dawati langu, mimi niende la sita nikapumzike.